Hadtop ya gari hili, milango ya gari lile: anza na milango

Jeep za zamani na ndugu zake wote wenye hadtop ya kutoa (yaani paa gumu linalowekwa badala ya turubai) zina ugonjwa mmoja, kwamba hadtop ikishatoka tu basi inaanza kuhama magari, mtu anauza anabaki na turubai, mwingine ananunua ya rangi nyingine, baada ya miaka 30 gari uliyo nayo ina bodi ya mwaka huu, milango ya mwaka ule na hadtop ambayo hakuna anayejua ilitoka wapi. Ndo hapo unakuta vioo vya nyuma vyeusi tii halafu vya milango vyeupe kabisa, juu ya mlango kona ya nyuma kidole kinapita, ukikimbia upepo unapiga mluzi na mvua ikinyesha maji yanaingia yanashuka hadi kwenye siti.

Wengi wanakimbilia kutafuta milango ya kufanana na hadtop. Mimi nasema kinyume, na nasema kwa msisitizo kabisa: hadtop ndo ifuate milango. Mlango una bawaba, una loki, una kioo kinachopanda na kushuka, una nguzo ya bodi unayofungia, yaani nafasi ya kuucheza ni ndogo mno. Hadtop ni kofia tu imekaa juu ya raba na bolti kadhaa, inasogea mbele, nyuma, juu, pembeni, kwa hiyo yenye uwezo wa kusamehe ni hiyo.

Kinachowachanganya watu ni vipimo. Matoleo ya Jeep ya CJ-7 (1976 hadi 1986), Wrangler YJ (1987 hadi 1995) na TJ (1997 hadi 2006) zote umbali wa tairi la mbele na la nyuma ni kama inchi 93 na kitu, ukiangalia kwa mbali unaona hadtop ya moja itakaa kwenye nyingine. Inaweza ikakaa kweli, lakini shida inajificha kwenye mdomo wa mbele unaoshika fremu ya kioo cha mbele na kwenye ule mstari wa juu ya mlango. Sentimita moja hapo ni nyingi sana.

Sasa kazi yenyewe. Toa hadtop yote weka pembeni (tafuta watu wa kukusaidia, faibaglasi ni nzito na ikianguka inapasuka), halafu shughulika na milango ikiwa peke yake. Fungua mlango nusu, shika kwenye ncha ya nyuma uunyanyue, kama unacheza juu chini basi pini za bawaba zimelika na hakuna raba duniani itakayokuokoa, badilisha pini na bushi (vibomba vidogo vinavyoshika pini) kwanza. Kama bawaba nzima na bado mlango umelala, angalia zile raba zinazokaa kati ya bodi na chesesi, zikishasagika au chuma chake kikishaliwa na kutu bodi inashuka upande mmoja na mlango unaonekana mbovu wakati hauna kosa. Halafu fremu ya kioo cha mbele, hii ndo watu wanaisahau kabisa, kwenye gari ambalo kioo cha mbele kinalala juu ya boneti fremu hiyo inaweza kuegemea mbele au nyuma kidogo, na ikiegemea tu inaharibu mpaka wa mlango kwa mbele na inaivuta hadtop pamoja nayo. Mlango ukishakaa sawa na bodi, malizia na ile bolti ya kwenye nguzo inayoshikwa na loki, ilegeze uisogeze mpaka mlango ufunge kwa mkono mwepesi bila kunyanyuka.

Hapo ndo unarudisha hadtop, bolti zote zishike lakini zisikazwe. Funga milango, pandisha vioo, halafu isogeze hadtop taratibu mpaka mwanya wa kushoto na kulia ulingane. Chukua kipande cha karatasi, kibane kati ya raba na mlango, vuta. Kikitoka bila kukataa raba haigusi hapo, kikikatika inabanwa kupita kiasi. Zunguka mlango mzima hivyo hivyo, weka alama kwa chaki. Sehemu inayokosa kugusa rekebisha mkao wa hadtop kwa washa (visahani vya chuma vya kwenye bolti) au weka raba nene zaidi, usijaze silikoni, silikoni ni ya kufunga tundu siyo ya kunyoosha gari. Na kama fremu ya juu ya mlango imepinda nje, inarudishika kwa mikono, shusha kioo chote chini kwanza, weka kipande cha mbao pale fremu inapoanzia, vuta kidogo, pima, vuta tena.

Vioo vyenyewe viheshimu. Vya milango kwa kawaida ni vya kuchomwa vikawa vigumu, ukijaribu kukata au kusaga ukingo vinamwagika vipande vidogo vidogo vyote kwa mara moja, kwa hiyo kioo kisichoingia usimpelekee fundi akipunguze, tafuta kingine. Pima na unene pia, kioo chembamba kwenye reli ya kioo kinene kitagonga gonga kila ukipita kwenye mawe.

Tuje kwenye rangi. Kwanza jua kama weusi wa nyuma ni tinti ya kubandika (plastiki nyembamba yenye rangi) au ni kioo chenyewe. Pitisha ukucha kwenye ukingo, tinti utaisikia. Ya kubandika inatoka kwa mvuke, ila kwenye kioo cha nyuma chenye nyaya za joto weka wembe mbali kabisa. Kikiwa cheusi chenyewe hakuna cha kukifanya kiwe cheupe. Vya soko la Marekani soma chapa pembeni, AS2 kinapitisha mwanga angalau asilimia 70, AS3 kinaweza kuwa chini ya hapo na hakikusudiwi mahali dereva anapotegemea kuona. Kuweusha milango ili ifanane na nyuma sikubaliani nako. Kioo kinachopitisha asilimia 75 ukikibandika tinti inayopitisha asilimia 40 si kwamba unabaki na 40, unabaki na 30, maana vinazidishana, na usiku porini bila taa za barabarani unatakiwa uone shimo na ukingo wa njia kupitia kioo hicho hicho. Nchi nyingi sheria nayo inabana vioo vya mbele. Tafuta vioo vyeupe vya hadtop, halafu ukipenda bandika tinti nyepesi ya nyuma inayokaribia milango. Angalia na rangi ya chini, vioo vya zamani vingi vina ukijani na tinti ya kijivu juu yake inatoa rangi tofauti, jaribu kipande mchana kabla ya kubandika chote.

Mwisho kaza bolti za hadtop kwa kuzunguka, kidogo kidogo kila moja. Raba mpya inaendelea kulala, kwa hiyo ukishapiga njia mbaya siku kadhaa rudi uzikaze tena na upitishe karatasi upya kona za nyuma za milango, ndo zinazolegea kwanza.