Kumbe na wewe

Saa saba usiku hii, nimekaa jikoni maana usingizi umegoma, na kilichonikosesha usingizi ni furaha, tena ndogo kiasi kwamba nikimsimulia mtu ataniuliza sasa hapo kuna nini. Wiki hii mama kahamia kwetu na mabegi yake yote, Nasri kafunga shule, mvua imeangusha ukuta wa jirani, ila mimi kichwani nina Jumapili jioni tu.

Alikuja yule afande mrefu wa kituo cha zimamoto anakofanya kazi mume wangu, Baba Nasri, yule waliyekuwa naye kwenye uokoaji Kariakoo. Nikawawekea chai na mihogo ya kukaanga. Mara simu yangu ikaita pale mezani, Baba Nasri akanyanyuka kama kawaida yake akaenda uani, akawa anagongagonga simtanki eti anaangalia maji yamebaki kiasi gani. Mgeni hakuniuliza kitu, akasema tu, "Shem, izime hiyo." Mwenzie aliporudi akamwambia, huku anachovya muhogo kwenye pilipili wala hamtazami:

"Ile milio bado?"

"Bado."

"Hata mimi. Wife nimemwambia yake aiache kwenye mtetemo."

"Kumbe na wewe?"

Basi, wakahamia kwenye Simba na Yanga. Mimi nimebaki na ile "kumbe na wewe", nairudia nikiosha vyombo, nairudia kwenye mwendokasi, jinsi alivyoshusha kikombe kabla ya kuisema, jinsi mabega yalivyolegea. Yani muda wote huu alidhani ni yeye peke yake.

Mnalikumbuka lile ghorofa lililoporomoka Kariakoo Novemba 2024. Watu walinasa chini wakiwa hai wanawapigia ndugu zao simu, waokoaji wakawa wanawapitishia oksijeni, maji na glukosi. Zaidi ya 80 walitolewa wazima, nashukuru Mungu na nitashukuru daima, lakini mume wangu kilichomganda ni simu zilizokuwa zinaita chini ya zege na hakuna anayepokea. Hadi leo hapiti Kariakoo, akitoka Mbagala anashuka njiani anatafuta boda.

Baada ya tukio waliitwa siku moja wakakalishwa kwenye duara, kila mtu asimulie alichokiona, mbele ya wakubwa wao. Nani atasema usiku halali usingizi mbele ya mtu anayemwandikia ripoti ya kupanda cheo? Mimi ni nesi, haya mambo nimeyasoma, mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2011 wa huduma ya kwanza ya kisaikolojia unasema wazi usimlazimishe mtu kusimulia. Tazama, sikiliza, unganisha. Na utafiti ulishaonyesha zamani kwamba kikao kimoja cha kusimulishana hakizuii kiwewe, wengine ndo wanazidi. Dalili zikivuka mwezi mtu anahitaji mtaalamu, tena wa kumwona kwa siri, mara kwa mara, mpaka apate nafuu. Na kabla hajafika huko anahitaji mwenzie aliyevaa ovaroli kama yake amwambie hata mimi. Afande yule hajasomea popote lakini alitazama, akasikiliza, na wakati anaaga nilimsikia getini anamwambia kuna mama mmoja mshauri anaenda kwake kila Alhamisi, twende wote. Baba Nasri hakukataa!

Halafu jana furaha ikaingia mchanga. Kwenye daladala watu wanacheka zimamoto, eti wanakuja moto umeshazima, eti gari halina maji. Nilitetemeka kwa hasira. Gari na maji havinunuliwi na askari, na yule unayemcheka ndo atakayeingia kwa tumbo kwenye tundu unalolikimbia wewe, kisha arudi nyumbani ashindwe kusikia simu ya mkewe. Wangewekewa mshauri wa kudumu kila kituo, asiyeripoti kwa mkuu yeyote, wangapi wangekuwa wanalala usiku huu? Kwa nini nafuu ya mume wangu itegemee rafiki kuja kunywa chai siku mama watoto kapigiwa simu?

Alhamisi ni keshokutwa. Simuulizi, nitamwachia nauli mezani tu.

Jingine, leo nikipanga nguo za mama nimekuta vidonge vyake vya presha, pakiti nzima ya mwezi huu haijaguswa, na kila asubuhi ananiambia ameshakunywa.