"Kuku huyo hapo, Mwalimu!"

Kitabu changu cha kwanza cha picha kina maneno 236. Rasimu niliyoanza nayo ilizidi 1,100, na nililipenda kila neno. Watu wananiuliza nilifanyaje mpaka kikatoka, basi nieleze, maana ushauri niliopewa mwanzoni ulinipotezea karibu miaka miwili.

Nafundisha darasa la pili Tanga. Hadithi ni ya Mwanaidi, aliyetumwa na bibi yake kukamata kuku kishingo kwa kuwa mgeni yuko njiani. Kuku anajificha, nyumba nzima inapekuliwa. Basi. Mhariri mmoja aliisoma mbele yangu akaniuliza, "Mwalimu, funzo liko wapi? Mzazi hanunui kitabu cha mtoto kisicho na funzo. Halafu fupi mno, ongeza maelezo." Nikaongeza. Nikaeleza mtungi ulivyofinyangwa, nikaeleza mlango, mwishoni nikabandika aya nzima ya utii. Mwenzangu ofisini yeye alisema hadithi za watoto huandikwa jioni moja, watoto hawana makuu. Neno hilo linaniuma mpaka leo. Mtu mzima akichoshwa na kitabu atajikaza kwa adabu. Mtoto wa miaka mitano anainuka, anakwenda zake.

Nililiona hilo kwa macho yangu Ijumaa moja kwenye chekechea ya jirani. Nilikuwa nimekunja karatasi sita za A4 katikati, nikazipiga pini, nikapata kitabu cha kurasa 24 chenye michoro yangu ya penseli. Nikasoma: "Kuku alikuwa amejificha nyuma ya mtungi mkubwa wa maji uliokuwa pembeni ya ukumbi, ametulia tuli." Kabla sijafika kwenye nukta, mtoto mmoja wa kiume akasema, "Nishamwona," akageukia kandambili za mwenzake. Nikaendelea kusoma mtungi ulivyofinyangwa. Nilipofika katikati ya kitabu, nusu ya darasa ilikuwa mlangoni ikitazama bodaboda anaziba pancha. Aya ya utii niliwasomea watoto watatu, na mmoja wao alikuwa amesinzia.

Usiku ule nilimkumbuka bibi yangu wa Pangani. Bibi hakuwahi kuanza hadithi peke yake. Alisema "Paukwa!" akanyamaza mpaka tuitikie "Pakawa!", na asiyeitikia aliulizwa kama amelala. Msikilizaji alikuwa na kazi yake. Mimi nilikuwa nimewanyang'anya wale watoto kazi yao: picha inamwonyesha kuku, kisha nami nasimama kuwatangazia kuku yuko wapi.

Nikachukua kalamu nyekundu. Sentensi yoyote iliyosema kitu kinachoonekana kwenye picha nikaikata. Mtungi ukaenda, mlango ukaenda, utii ukaenda. Kisha nikafanya jambo ambalo naona fahari nalo kuliko yote: nikayaacha maneno yamfuate Mwanaidi, picha imfuate kuku. Maneno yakasema, "Mwanaidi akachungulia chini ya kitanda. Kuku hayupo." Kwenye picha miguu ya Mwanaidi imetokeza uvunguni, na nyuma ya mtungi umechomoza mkia.

Ijumaa iliyofuata nikarudi na karatasi zangu. Niliposema "Kuku hayupo" kulikuwa na kimya kidogo, halafu darasa likalipuka. Yule yule wa kandambili alikuja mbio akaweka kidole juu ya mkia: "Kuku huyo hapo, Mwalimu!" Nikamwambia simwoni. Akanishika mkono akanionyesha tena, karibu kulia. Tulisoma mara tatu mfululizo, na mwalimu wao akaja kunong'ona kwamba uji unapoa.

Watoto ndio walionifundisha na habari ya kufunua ukurasa. Ukurasa wa kulia ndio wa mwisho kuonekana kabla ya kufunua, kwa hiyo swali likae kulia, jibu lisubiri upande wa pili wa karatasi. Mgeni anapobisha hodi, anabisha ukurasa wa 15. Ukimweka ukurasa wa 14, watoto wanaona mlango na mgeni kwa pamoja, hakuna anayeshika pumzi.

Mchoraji nilimpata akichora mabango ya saluni. Kijana ana mkono! Tulikubaliana laki tatu za kuanzia, baadaye zikafika kama sita, na alistahili zaidi. Kosa letu lilikuwa gauni. Mwanaidi alibadilishiwa gauni kila ukurasa kwa ajili ya urembo, na watoto wakauliza, "Na huyu ni nani?" Likabaki moja la bluu. Anzeni na karatasi moja ya mhusika, akiwa mbele, nyuma na ubavuni, muibandike ukutani.

ISBN, ile namba ya kutambulisha kitabu, nilipata Bodi ya Huduma za Maktaba, hiyo haisumbui. Uchapaji ndio uliokaribia kunivunja moyo. Nakala 500 zilikula karibu milioni mbili na nusu, sehemu kubwa fedha ya mchezo wa upatu. Nilipoona nakala ya majaribio, gauni la bluu lilikuwa limetoka zambarau. Faili letu lilikuwa la rangi za skrini, ambazo ni mwanga mwekundu, kijani na bluu, wakati mashine inachapa kwa wino wa samawati, majenta, njano na mweusi, na bluu ile iliyokoza haimo kwenye wino huo. Fundi aliniambia mtoto hatajua. Nikakataa, tukabadili faili, tukapunguza majenta, tukasubiri wiki nyingine. Tafadhali usilipe mpaka umeshika karatasi iliyochapwa kwa mashine ile ile.

Wazazi wananunua, hata bila funzo. Wengine wamerudi kutafuta cha pili, na nimefika nusu yake; safari hii nimeanza na michoro ya penseli kabla ya neno lolote.

Zile karatasi sita za kwanza niliwaachia chekechea. Pini zimeshika kutu, na pale nyuma ya mtungi mkia umefutika kabisa kwa vidole. Mwalimu wao ameniomba niende nikauchore upya.