Kabla Hujautia Sebene Wimbo wa Tenzi

Wimbo wa zamani ukipewa mtindo mpya, kipimo changu ni kimoja: yule mama wa benchi la nyuma anaweza kuuimba bila kumtazama mwanakwaya? Kama hawezi, hapo ibada imegeuka onyesho.

Chukua ule wimbo wa neema ya ajabu wa John Newton. Maneno yalichapwa Uingereza mwaka 1779, tuni tunayoijua ikaunganishwa nayo Marekani mwaka 1835, na mwaka 2006 mwimbaji Mmarekani Chris Tomlin akauongezea kiitikio. Umebadilishwa tangu zamani, basi hakuna haja ya kugombana kwamba usiguswe. Ugomvi wangu ni na kubadilisha ovyo.

Tuni yake ina mapigo matatu kwa kipimo, yaani kila fungu la mapigo linalojirudia, na bendi nyingi huyageuza kuwa manne. Pigo la ziada liende kwenye noti ndefu: iliyokuwa mapigo mawili iwe matatu, fupi ibaki na moja. Ukiirefusha ile fupi, uzito unaangukia silabi isiyo na mkazo, na Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Yaani a-JA-bu, siyo a-ja-BU. Kabla kinanda hakijaguswa, someni ubeti kama mnavyoongea huku mkipiga makofi, na mpigie mstari kila silabi yenye mkazo. Hizo ndizo zipate pigo la kwanza la kipimo, kadiri inavyowezekana.

Ufunguo nao huwaponza wengi. Do, yaani noti ya msingi ya wimbo, ikiwa G, tuni hii inaanzia D ya chini hadi D ya juu, na mkutano mzima unaifikia. Mpiga gitaa akiipandisha Do hadi C kwa sababu mwimbaji kiongozi ana sauti nyembamba, noti ya juu kabisa inakuwa G, na wanaume wananyamaza kuanzia mstari wa tatu.

Sebene, kile kipande cha magitaa cha kuchezesha, ninalipenda, ila liingie baada ya ubeti wa mwisho. Likianza chini ya beti, mwendo hupanda na maneno humezwa. Mpiga ngoma naye aache nafasi mwisho wa mstari. Akiijaza kwa mbwembwe, watu wanakosa pa kuvutia pumzi na wanachelewa kuingia.

Kubadilisha maneno ni kugumu zaidi. Hesabu silabi: "Mwokozi" ina tatu, "Mkombozi" ina nne, hivyo ukibadilishana tu, mstari mzima unasogea. Na kama mtunzi yu hai, omba ruhusa. Kamati ya kitabu cha nyimbo cha Wapresbiteri wa Marekani kilichotoka mwaka 2013 iliomba kubadilisha mstari kuhusu ghadhabu ya Mungu katika wimbo wa Keith Getty na Stuart Townend. Watunzi walikataa, na wimbo ukaachwa nje ya kitabu.

Ukishapata ruhusa, badilisha mstari mmoja kwa wakati, utangaze, kisha uimbwe mzunguko mmoja kwa kinanda pekee. La sivyo wazee wataimba waliyoyakariri, vijana wataimba yaliyo kwenye skrini, na maneno mawili yatagongana kwenye noti moja.