Chupa Mbili za Sabaki

"Mama, mbona ukikoroga unga hauzami?" Binti yangu aliniuliza hivyo asubuhi ya leo, akiwa ameinamia bakuli la unga wa wimbi niliokuwa nimeuvuruga kwa maji baridi, tayari kuumimina kwenye sufuria ya uji. Nilipoacha kukoroga ili nimjibu, unga ukaanza kutuama, nami nikajikuta nimerudi kwenye daraja la Sabaki, kaskazini ya Malindi, masika ya mwaka 2003.

Kazi yangu ilikuwa kupima tope ambalo mto huo unalipeleka baharini, na kwa siku mbili nilikuwa nimechota maji ya juu tu. Mzee mmoja aliyekuwa akivua kwa mshipi alinitazama kwa muda mrefu, kisha akasema, "Mwanangu, hapo unachota rangi. Mzigo uko chini." Siku ya tatu niliifunga chupa jiwe, nikaiziba kwa kizibo chenye kamba yake, nikaishusha hadi karibu na sakafu ya mto, ndipo nikakivuta kizibo.

Usiku ule nilizitikisa chupa zote mbili, nikaziweka dirishani na kuzimulika kwa tochi. Katika chupa ya chini mchanga ulianza kushuka papo hapo: chembe za sehemu moja ya kumi ya milimita, ambazo katika maji yaliyotulia huzama karibu milimita 8 kwa sekunde, zilikuwa zimelala kabla sijahesabu thelathini. Tope laini lilifuata kwa zaidi ya nusu saa. Chupa ya juu haikuwa na mchanga hata kidogo, lakini ilibaki nyekundu, na hata alfajiri wekundu huo ulikuwa haujaisha.

Nilikuwa nimesoma habari hizo, ila usiku ule niliziona. Mto hauinui mchanga kwa kwenda mbele, bali kwa kuvurugika. Maji hupanda na kushuka kwa kiasi kilekile, lakini yanayopanda hutoka chini kwenye mashapo mengi, na yanayoshuka hutoka juu kwenye mashapo machache. Tofauti hiyo ndiyo inayofidia kuzama kwa chembe. Mwaka 1937 Hunter Rouse, mhandisi wa Marekani, aliieleza mizani hiyo kwa hesabu. Mchanga huzama upesi, kwa hiyo hujazana karibu na sakafu. Udongo wa mfinyanzi huzama polepole mno, hata msukosuko mdogo huutosha kuenea toka chini hadi juu na kusafiri bila kutua.

Rangi ile niliifahamu. Ni rangi ya shamba letu Machakos, ambako maji ya mvua huteremkia mto Athi, ambao mbele huitwa Galana, kisha Sabaki.

Asubuhi nilimwonyesha mzee chupa ya juu. Aliigeuzageuza juani, akauliza, "Na hili ni shamba la nani?"

Nilikuwa na jibu mdomoni, lakini sikulitoa.