Katumwa chumvi karudi na embe

Wiki tatu sijaandika kitu humu, mniwie radhi, nilikuwa nahangaika na binti yangu wa darasa la tatu. Sio mtoto wa fujo, ndo maana tumechelewa kushtuka. Mwalimu wake anasema katulia ila hayupo, anaangalia dirishani tu, zoezi anafika nusu ukurasa basi, peni kila siku zinapotea, halafu huyohuyo mpe udongo wa kufinyanga atakaa kuanzia adhuhuri mpaka alasiri hasikii hata akiitwa kula. Mi nikawa nasema si mnaona, akitaka anaweza, uvivu tu huu. Na nimemchapa kwa hilo. Naandika hapa naona aibu.

Tukapanda basi la alfajiri kutoka Mtwara mpaka Dar, mimi, mtoto na mama yangu (mama kagoma kubaki, ati mjukuu wake hawezi kwenda kwa daktari wa akili bila yeye). Mi nilitegemea mashine, picha ya kichwa, damu, kumbe hamna kipimo cha hivyo, ni maswali. Anasikia vizuri? Anaona ubaoni? Anakoroma? Huwa anaganda sekunde chache macho yamekodoa, maana kuna kifafa cha hivyo watu wanadhani mtoto hasikilizi. Fomu ya mzazi, fomu ya mwalimu. Dalili lazima ziwe zimeanza kabla ya miaka 12, zimekaa miezi 6 au zaidi, na zionekane zaidi ya sehemu moja, sio shuleni tu. Jibu likaja, ADHD, yaani hali ya ubongo inayomfanya mtu ashindwe kutuliza akili au mwili. Nikabisha, maana ninayoijua mimi ni ya yule mtoto anayeshinda juu ya mkorosho. Kumbe ipo na ya kuduwaa, na watoto wa kike wengi wanapitwa kwa sababu hawamsumbui mtu.

Halafu daktari akanigeukia, na wewe baba, udogoni ulikuwaje? Sijafungua mdomo mama kadakia, "Huyu? Nilimtuma chumvi dukani pale Mikindani karudi na embe, chumvi kasahau, hela hajui iko wapi!" Chumba kizima kicheko. Nami nikacheka, halafu nikanyamaza, maana nilikumbuka nilivyokuwa karani wa chama cha msingi msimu wa korosho, foleni ya wakulima, magunia, mizani inasoma hivi mi naandika vile, wala sio wizi wallahi, akili imeshatoka inafuata pikipiki iliyopita nje. Msimu mmoja tu nikaondolewa, na jina la mpigaji likanifuata mpaka kijiweni. Sasa hivi ni fundi pikipiki, injini ikifunguliwa mbele yangu hata njaa siisikii.

Daktari kasema hii inarithiwa sana, na wengi wanakua nayo, kule kurukaruka kunapungua ila kusahau na kuchelewa kunabaki. Kuhusu ile "akitaka anaweza" yangu akaniambia umakini anao, usukani ndo haumtii.

Dawa zipo, ile maarufu ni Ritalin, dawa yenyewe ilitengenezwa mara ya kwanza 1944, na cha ajabu ni kichangamshi, unampa kichangamshi mtu ndo anatulia. Inakata hamu ya kula na usingizi, kwa hiyo haitolewi hovyo, uzito na mapigo ya moyo yanafuatiliwa. Sisi tumeanza bila dawa. Kahamishiwa dawati la mbele mbali na dirisha. Nyumbani agizo moja moja, sio oga-vaa-kula-beba begi kwa pumzi moja kama nilivyozoea. Homuweki dakika kumi, anaruka kamba, anarudi. Mama yake mkubwa bado anatutajia mganga wa Newala, tunamwitikia tu ndio dada.

Mimi nilipewa fomu yangu ya watu wazima, nijaze nirudi nayo miezi mitatu ijayo. Nimeisahau kwenye basi.