Alikwenda Zake Akifurahi

Somo: Matendo ya Mitume 8:26–40

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Aliyeniomba niandike tafakari ya juma hili aliongeza neno moja: "Mwalimu, usituletee darasa." Nimejitahidi. Lakini mtu aliyeshika chaki miaka arobaini akifungua Biblia huona ubao, atake asitake. Nikifika Matendo sura ya 8 namwona mwanafunzi mmoja, kitabu kimoja, na mwalimu anayehema.

Nianze na mwanafunzi, maana tumezoea kumwita towashi tukapita. Alikuwa mtu wa Kushi, Mwafrika mwenzetu, wa ule ufalme wa kando ya Nile ambao magofu ya mji wake mkuu, Meroe, yako Sudani mpaka leo. Aliwekwa juu ya hazina yote ya malkia Kandake. Kwa lugha ya siku hizi, waziri wa fedha. Ametoka Yerusalemu kuhiji, yuko njiani kurudi kwao, ameketi garini mwake, na mkononi ana chuo, yaani kitabu, cha nabii Isaya. Enzi hizo kitu kama hicho kilinakiliwa kwa mkono, neno kwa neno, na mtu wa kawaida hakukimudu. Tena anasoma kwa sauti, ndiyo maana Filipo, mhubiri wa Injili aliyetumwa kwenye njia ile, alimsikia. Watu wa kale walizoea kusoma hivyo hata wakiwa peke yao. Ukitaka kujua ilikuwaje, pita barazani kwangu Jumanne au Alhamisi saa kumi jioni.

Nilistaafu mwaka 2017. Wastaafu wenzangu hapa Tabora tukikaa chini ya mwembe, mazungumzo ni mawili: shinikizo la damu na kikokotoo cha pensheni. Sisemi ni mambo madogo. Ila mwaka wa kwanza ulipoisha niliona nimeanza kuota kengele ya shule, naamka saa kumi na moja alfajiri kuvaa viatu, na hakuna ninakokwenda.

Ndipo akaja mama muuza asali. Kwa umri ananizidi miaka kadhaa, mimi namwita Mama, yeye ananiita Mwalimu. Siku hiyo nilinunua chupa moja, nikamwandikia namba yangu ya simu kwenye karatasi, anipigie akipata asali ya nyuki wadogo. Akaigeuza karatasi huku na huku, akaikunja. "Miwani nimeisahau nyumbani, Mwalimu."

Wapendwa, naijua hiyo miwani. Wengi wanaoisahau nyumbani hawajawahi kuwa nayo.

Nilinyamaza. Juma la tatu akasema mwenyewe. Mjukuu wake ndiye aliyekuwa akimsomea ujumbe wa pesa kwenye simu, na mama alikuwa ameanza kushuku kwamba elfu ishirini ikipita mikononi mwa yule kijana inafika elfu kumi na tano. "Nataka nisome mwenyewe," akasema. "Na usinicheleweshe, mimi si mtoto."

Sasa rudi kwenye lile gari. Filipo anauliza, "Je! Yamekuelea haya unayosoma?" Na waziri wa fedha, mbele ya mwendesha gari wake, anajibu, "Nitawezaje kuelewa, mtu asiponiongoza?" Hakusingizia miwani. Nimewaona watu wenye vyeo vidogo sana kuliko chake ambao wangekufa kabla ya kutamka sentensi hiyo. Nadhani ni mpaka mtu aulizwe kwa namna fulani ndipo anaweza kuitamka. Maana swali lilelile, "umeelewa?", nimelisikia madarasani likiulizwa kama polisi anavyomuuliza mwizi, na mtoto anajibu "ndiyo, mwalimu" ili apone.

Na kuna mbio za Filipo. Someni tena mstari wa 29 na wa 30. Roho alimwambia, "Sogea karibu na gari hili, ukashikamane nalo." Aliambiwa asogee. Mbio aliongeza mwenyewe.

Mimi sikuanza hivyo, na siwezi kuandika habari za furaha ya ualimu nikaruka hapa. Azimio la Musoma la 1974 lilitaka ifikapo 1977 kila mtoto wa umri wa kwenda shule awe darasani. Watoto walikuja, walimu hawakutosha. Wakachukuliwa vijana waliomaliza darasa la saba, mimi nikiwemo. Tukawa tunafundisha huku nasi tukifundishwa, na masomo mengine tuliyapata kwa redio. Tuliitwa walimu wa UPE, kifupi cha Kiingereza cha elimu ya msingi kwa wote, na watu wakazifasiri herufi zile kuwa Ualimu Pasipo Elimu. Utani ule uliniuma, nami nikautibu kwa fimbo. Mwalimu asiyejiamini ni hatari sana akiwa na fimbo.

Katika shule moja ya kijijini, kwenye mashamba ya tumbaku, kulikuwa na mvulana wa darasa la tatu aliyeshindwa kusoma ubaoni. Kwenye kitabu alijikongoja, ubaoni kabisa hakuweza. Nilimsimamisha mbele ya wenzake, nikamchapa, nikamwambia asome. Akakunja macho, akatazama ubao, akanyamaza. Nikamchapa tena. Juma lililofuata hakuja, wala lililofuata hilo. Niliambiwa amekwenda kwa mjomba wake kwenye tumbaku, nami nikapiga mstari kwenye rejista.

Ilinichukua miaka mingi kukumbuka yale macho aliyokuwa akiyakunja. Mtoto yule hakuwa anaona. Yeye ndiye miwani yake ilikuwa imesahaulika kweli, tena niliyeisahau ni mimi. Biblia inasema towashi hakumwona Filipo tena, lakini alikwenda zake akifurahi. Mvulana yule naye hakuniona tena.

Nimemwomba Mungu msamaha, na naamini nimesamehewa. Jina lake bado nalitaja ninapoomba asubuhi. Leo atakuwa mtu mzima mwenye wajukuu.

Niliyepaswa kumkumbuka siku ile ni mama yangu. Sensa ya 1967 ilionyesha kwamba takribani theluthi mbili ya watu wazima wa nchi hii hawakujua kusoma na kuandika, naye alikuwamo katika hesabu hiyo. Mwaka 1970 Mwalimu Nyerere aliutangaza kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima. (Watu wa Tabora mniruhusu nijivune kidogo: alisoma hapa, akafundisha hapa, pale St. Mary's, kabla ya kwenda Edinburgh mwaka 1949.) Kijijini kwetu kisomo kilifanyika jioni, akina mama wakitoka shambani. Mimi nilikuwa mtoto wa shule, kazi yangu kushika taa ya chemli. Nikamsikia aliyenizaa anahangaika na ba, be, bi, bo, bu, na jasho linamtoka kuliko akilima. Mwalimu wa kisomo hakumcheka hata mara moja. Siku mama alipoweza kusoma jina langu juu ya daftari langu, alilisoma mara tatu kimoyomoyo, midomo ikitikisika, halafu akaniambia nikanawe nije kula. Hakusema neno jingine. Ila tangu siku hiyo daftari zangu alizifunika yeye mwenyewe kwa magazeti, na gazeti alilisoma kwanza. Kufikia 1986 asiyejua kusoma alikuwa mmoja tu katika kila watu wazima kumi, na siku hizi tukisikia tarakimu kama hizo tunasahau kwamba kila mmoja alikuwa mama wa mtu, anatoa jasho mbele ya taa.

Nabii Isaya, sura ya 50 mstari wa 4, anasema Bwana amempa "ulimi wa hao wafundishwao". Miaka mingi niliusoma mstari huu vibaya, nikidhani ulimi unaomtegemeza aliyechoka ni wa anayefundisha. Siyo. Ni wa anayefundishwa, ambaye kila asubuhi sikio lake linaamshwa upya. Nilipouelewa, ule utani wa UPE ukaacha kuniuma. Kufundisha huku unafundishwa, kumbe nililionea haya jambo ambalo nabii alilihesabu kuwa kipawa.

Basi barazani tukaanza. Mama akaleta na jirani yake, kisha akaja dereva mmoja wa bodaboda, anayekaa upande ambao wapita njia hawamwoni. Mimi nami naketi kwenye mkeka pamoja nao. Nilijaribu kukaa kwenye kiti, mama akaniuliza kama nasubiri kuhudumiwa. Filipo naye alisihiwa apande na kuketi pamoja naye, wakatazama chuo kimoja.

Walipofika kwenye sentensi nzima nzima, mama akataka Biblia, na akataka habari za Mwafrika. Nikamfungulia hii hii. Alisoma polepole, kidole juu ya mstari, "to-wa-shi." Akainua uso. "Towashi ndiyo nini, Mwalimu?" Wapendwa, mwanamke anayenizidi umri, jirani yake kando, kijana wa bodaboda ananitazama. Nikasema ni mtu wa ikulu. Akaendelea kusoma. Juma lililofuata akarudi amekwishauliza kwingine, akaambiwa ni mwanamume aliyehasiwa. "Mwalimu," akasema, "ulinidanganya," wakacheka wote watatu mpaka jirani akajifuta machozi kwa khanga. Sijawahi kufurahi hivyo nikiwa nimekosea.

Ndiyo furaha ninayotaka kuwaambieni, na naiona katika mstari wa 39. Roho wa Bwana akamnyakua Filipo, "yule towashi asimwone tena, basi alikwenda zake akifurahi." Zamani mstari huu ulinisikitisha. Nilimwonea Filipo huruma: amefundisha vizuri namna ile, hata asante hajasubiri, anajikuta mji mwingine, Azoto. Leo natazama mahali neno kufurahi lilipowekwa. Limewekwa kwa mwanafunzi, naye yuko njiani, mwalimu hayupo tena, na chuo bado kiko mkononi mwake. Kama angelia kwa kuachwa, ningesema Filipo hakufundisha kitu.

Reli ilifika hapa Tabora mwaka 1912, Kigoma ikafika 1914. Zaidi ya miaka mia, mji huu unasindikiza watu: huyu anakwenda Mwanza, huyu Mpanda, huyu Dar es Salaam. Mwezi uliopita ilikuwa zamu ya mama. Mwanawe yuko Kigoma, amepata mtoto, na bibi lazima akamwone. Nilimbebea ndoo ya asali mpaka stesheni. Akakataa nimwonyeshe behewa. Akasimama na tiketi yake, kidole juu ya maandishi, watu wanampita kwa mabegi na vikapu, mmoja akamsukuma kabisa. Nilitaka kusema kitu. Nikafunga mdomo. Akatazama tiketi, akatazama behewa, akatazama tiketi tena, akapanda. Jua lilikuwa linazama treni ilipoondoka, naye hakupunga mkono. Alikuwa ameshaanza kutafuta namba ya kiti.

Usiku ule simu ilinililia mara mbili, na asubuhi mara mbili nyingine. Nazinakili jinsi zilivyokuja, makosa yake msiyaguse:

"mwalim nimesoma usoke"

"urambo nimesoma. kaliua giza sikuona kibao"

"nguruka"

"uvinza. wanauza chumvi. wameandika bei nimesoma wamepandisha"