Daftari la paswedi: nilivyomaliza Deus Ex wakati wa mgao

Mwaka 2006 Dar es Salaam ilikuwa kwenye mgao wa umeme, na mimi na kaka yangu tulikuwa na kompyuta moja ya mtumba, Pentium III, yenye skrini ya chogo iliyokula nusu ya meza. Mtaani kwetu umeme ulikuwa unarudi jioni. Kuanzia hapo mpaka mama aseme "zimeni hilo dude mkalale" tulikuwa na saa mbili, zikizidi sana tatu. Ndani ya saa hizo ndimo lilipoingia gemu ninalolipenda kuliko yote niliyowahi kucheza.

CD ilikuwa imechomwa, imeandikwa kwa kalamu ya maka: Deus Ex. Hatukujua ni nini. Lilitoka Juni 2000, kazi ya Ion Storm ya Austin, Texas, chini ya Warren Spector, ila hayo nimeyajua baadaye. Siku ile tuliona tu mji wa New York usiku, muziki mzito, na mwanamume mwenye koti refu na miwani myeusi. Ni dunia ya saibapanki, mwaka 2052: mashine zimeingia mpaka ndani ya miili ya watu, na maskini wanalala nje kama kawaida. Wewe ni JC Denton, askari wa UNATCO, kikosi cha Umoja wa Mataifa cha kupambana na magaidi. Kuna ugonjwa unaitwa Gray Death, na dawa yake, Ambrosia, inawafikia wakubwa kwanza. Sehemu hiyo haikuhitaji kamusi. Miaka ile ARV ndiyo kwanza zilikuwa zimeanza kutolewa bure nchini, na kila nyumba ilikuwa na mtu iliyemzika kabla dawa hazijafika.

Wiki ya kwanza tulicheza kama gemu la kupiga risasi, na tukawa tunakufa pale pale Liberty Island, chini ya Sanamu ya Uhuru iliyolipuliwa kichwa. Shabaha ilikuwa inayumba tu. Kumbe JC ana stadi 11, na kama hujamwongezea ya bunduki, atakosa hata mtu aliye hatua kumi. Kaka ndiye aliyegundua kwamba tunakosea toka mwanzo. Aliokota kile kibao cha maandishi ambacho mimi nilikuwa nakiruka kila siku, akafungua kamusi ya TUKI magotini, akaanza kusoma neno moja moja. Ndani yake kulikuwa na jina la kuingilia, NSF001, na paswedi: smashthestate. Herufi zote zimegandana. Tulibishana muda mrefu kama "state" pale ni hali au dola. Tulipoiandika kwenye kompyuta ya magaidi, ikafunguka.

Tangu siku hiyo kazi zikagawanyika. Mimi kipanya na kibodi, yeye kamusi. Tulisoma barua pepe za watu, magazeti yaliyotupwa juu ya meza za baa, kila kitu. Kiingereza changu cha darasani kilikuwa cha kujaza nafasi zilizoachwa wazi. Cha Deus Ex kilikuwa cha kujua nani anadanganya. Na maneno yalikuwa silaha kweli. Anna Navarre, askari mwenzako aliyejaa vyuma mwilini, ana kirai cha siri kinachomuua papo hapo. Kimegawanywa vipande viwili kwenye kompyuta tofauti, nawe ukivipata unamwambia tu: "Flatlander Woman." Tulipofika hapo kaka alipiga kelele mpaka jirani akagonga ukuta.

Tatizo lilikuwa umeme. Wakati mwingine ulikatika hata usiku, bila taarifa, na kila tulichofanya tangu kusevu mara ya mwisho kikapotea. Kusevu ovyo nako hakukuwezekana, maana kila sevu ilikula megabaiti kadhaa na diski yetu ilikuwa ndogo. Gemu lenyewe linakuandikia namba na paswedi unazookota, lakini ukirudi kwenye sevu ya nyuma nayo inasahau. Hapo nikanunua kaunta buku. Kila namba ya mlango, kila paswedi, niliandika pembeni mwa jina la mahali. Na hili ndilo lililotuokoa: namba hazibadiliki. Ukishaijua, huhitaji kwenda kuitafuta tena. Unafika mlangoni, unabonyeza, unapita. Umeme ulikuwa unatunyang'anya jioni nzima, nasi tunairudisha kwa dakika ishirini.

Kisha likaja la Paul.

Paul Denton ni kaka yake JC. Ndiye anayekukaripia mwanzoni ukiua hovyo, na ndiye anayekuonyesha kwamba UNATCO wanatumikia watu wabaya. UNATCO wanapovamia hoteli alimo, katika mtaa wa Hell's Kitchen, New York, anakuambia utoroke kupitia dirishani. Tukamtii. Tukaruka. Baadaye, kwenye vyumba vya chini ya makao makuu, tukakuta mwili wake.

Kaka alifunga kamusi. "Hatuendi mbele bila yeye," akasema. Sevu pekee ya nyuma iliyobaki ilikuwa ya siku tulipoingia Hell's Kitchen mara ya kwanza, yaani wiki tatu za kucheza. Kabla hatujaanza upya, kaka alipata kazi Mwanza, akapanda basi na begi moja. Kamusi akaniachia.

Nilirudia peke yangu, kaunta buku mkononi. Zile wiki tatu nilizimaliza kwa jioni nne. Nilipofika hotelini sikugusa dirisha. Nilibandika bomu ukutani nje ya mlango wa Paul, nikajificha, na askari walionusurika nikapambana nao kwenye korido, kisha nikashuka ngazi na kutoka kwa mlango wa mbele. Nilikufa mara nyingi sana usiku ule. Mikono ilikuwa inatoka jasho mpaka kipanya kinateleza.

Paris, Vandenberg na Area 51 nilizipita mwenyewe, na kati ya miisho mitatu nikachagua wa Tracer Tong, mtaalamu wa teknolojia wa Hong Kong, yaani wa kuzima mawasiliano ya dunia nzima. Sehemu hizo nzuri, lakini sizikumbuki kama ninavyoukumbuka usiku wa Hong Kong. Nilikuwa nimezunguka soko la Wan Chai mpaka nikalizoea kama Kariakoo, nikafika kwa Tong, nikaingia ndani, na Paul alikuwa amesimama pale. Mzima.

Nilimtumia kaka meseji: "Paul yupo Hong Kong. Yuko hai." Kaka hakuwa mtu wa kupiga simu, vocha ilikuwa ghali. Dakika hiyo hiyo akapiga. Hakunisalimu.

"Amesema nini?"

Nikaweka simu begani, nikafungua kamusi, nikaanza kumsomea maneno ya Paul sentensi baada ya sentensi kwa Kiswahili. Nikikosea ananisahihisha. Tukaendelea hivyo mpaka vocha yake ikaisha katikati ya sentensi.